Viota Saba vya Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ndege Mnana alikuwa fundi wa kusuka viota. Huanza na pete ya majani, hupandisha kuta, hufunika paa. Akifika paani tu, jirani yake, ndege Chiriku, anapiga vigelegele, "Hongera fundi! Hongera!" Kichwa kinamvimba Mnana. Anarukia tawi lingine, anaanza kiota kingine. Na sakafu? "Nitarudi," anasema. Harudi!

Mwaka mzima, suka, suka, suka. Viota saba juu ya mti wa mgunga ulioinamia mto. Cha nane alikisuka akiuguza mguu, Chiriku yuko safarini. Akasuka polepole mpaka mwisho. Kikatoka kimepinda. Mnana akaona haya, akakificha majanini.

Chini mtoni aliishi Chura. Akauliza, "Fundi, mbona nikitazama viota vyako naona mawingu?"

"Wewe wa matopeni, kusuka unakujulia wapi?"

Basi kipupwe kikaingia, mwaka wa ndege ukafika ukingoni. Siku hiyo, kwa desturi yao, kila mmoja huonyesha kazi yake ya mwaka. Upepo wa baridi, vuuu! Na mkewe Mnana yai limembana.

"Mume wangu, niingie kipi?"

"Chochote! Vyote vyako!"

Akaingia cha kwanza. Akatulia. Mara, pwaa!

Yai liko chini kwenye jiwe la mtoni, limepasuka.

Salaale! Chiriku akameza vigelegele vyake. Mnana akakimbilia cha pili, akachungulia: mto. Cha tatu: mto. Cha saba: macho ya Chura, yanamtazama.

"Mwaka mzima!" akalia. "Mwaka mzima nimesuka mashimo!"

"Utalia baadaye," mkewe akasema. "La pili linakuja. Niende wapi?"

Mnana akafunua majani. Kile kiota kilichopinda. Mkewe akaingia. Wote wakakaza masikio, wakingoja pwaa.

Kimya.

Chiriku akataka kupiga vigelegele. "Nyamaza kwanza!" Mnana akamkatiza. "Bwana Chura, tafadhali, tazama. Unaona mawingu?"

Chura akatazama, akatazama. "Sioni hata moja."

Mnana akaketi tawini, akalia tena: la kwanza limepotea, la pili limepona.

Wanangu, na nyie wakubwa msiangalie pembeni: kazi uliyoianza imalize, hata pale asipokuwepo wa kukusifu. Hadithi yangu imefika sakafuni, na hapo ndipo ilipoishia.