Sura ya Mwisho ya "Yowe la Kwanza"

Hadithi hii imepita kwenye simu nyingi kabla ya kufika kwako. Kama una haraka iache kwanza, utaisoma ukishakaa.

Katika mji mmoja mdogo wa reli, huko Unyamwezini, alikuwepo mzee aliyekodisha vitabu. Aliitwa Mzee Ndaki. Mali yake ilikuwa benchi moja na kabati moja la bati, nje ya stesheni. Kwa miaka mingi mtu wa mji ule akisema amesoma kitabu, ujue amekisoma kwa Ndaki.

Ndaki alikuwa na utaratibu wake. Mwanzoni watu walichukua vitabu wasirudishe. Basi akaanza kuchana sura ya mwisho ya kila riwaya ya upelelezi na kuiweka kwenye debe chini ya benchi. Ukimaliza kusoma, unarudisha kitabu, unakaa kwenye benchi, unapewa kurasa zako na kusoma mwisho wa hadithi mbele ya macho yake. Watu walimtukana, lakini vitabu vilirudi.

"Niambie tu nani aliua," walimbembeleza.

"Rudisha kitabu."

Wale ambao macho hayakuwaruhusu kusoma aliwasimulia mwisho kwa mdomo, kama ulivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Hakuwahi kumpa mtu mwisho wa uongo, na mji mzima ulilijua hilo. Ndilo jambo pekee alilojivunia.

Riwaya zilizogombaniwa kuliko zote zilikuwa za Lugendo Kasubi, mzaliwa wa mji ule ule. Kasubi alikwenda Dar es Salaam akiwa kijana, akaandika habari za mahakamani kwenye gazeti, na baada ya kazi akaandika riwaya. Akamuumba Inspekta Sizya, mpelelezi asiyekosea. Nchi nzima ikamjua Sizya. Kasubi mwenyewe wachache walimjua.

Maisha yake hayakwenda vizuri. Majambazi walikamatwa wakiwa na kitabu chake, wakasema ndimo walimojifunza kuvunja mlango bila kelele. Polisi wakamweka ndani wiki nzima, na alipotoka gazeti lilikuwa limeshampa mtu mwingine meza yake. Mke wa kwanza akaondoka kwa sababu ya pombe, na wa pili vivyo hivyo. Mchapishaji akafunga duka. Kasubi akarudi nyumbani akiwa na begi moja, akapewa chumba cha uani kwa dada yake. Pombe aliiacha, si kwa nguvu ya moyo bali kwa sababu ini lilikataa. Kuandika aliacha pia.

Vitabu havikuacha. Duka moja la kutoa fotokopi lilichukua nakala iliyochakaa ya riwaya yake maarufu, Yowe la Kwanza, likazalisha nyingine nyingi. Nakala hiyo ilikuwa imepita kwa Ndaki, kwa hiyo haikuwa na sura ya mwisho. Vijana wa mji wakakua na kitabu kinachoishia pale Inspekta Sizya anaponyoosha kidole na kusema, "Aliyepiga yowe la kwanza ndiye wa kwanza kufungwa kamba." Wengi walidhani ndio mwisho wenyewe. Kurasa za kweli zilikuwa zimeliwa na mchwa ndani ya debe zamani.

Sasa, asubuhi moja ya Jumamosi, mota ya mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama iliibiwa. Wa kwanza kuona mlango uko wazi alikuwa Mihayo, mbeba magunia, baba wa watoto wadogo. Alipiga yowe mpaka mji ukaamka.

Saa nne asubuhi alikuwa amefungwa mikono kwa mpira wa baiskeli, ameketishwa chini mbele ya mashine.

Waliomfunga walikuwa sungusungu, ule ulinzi wa wananchi wenyewe. Kiongozi wao alikuwa Magembe, ambaye kila mtu alimwita Kamanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msomaji. Alisema Mihayo atachapwa mpaka aseme mota iko wapi. Mwaka uliotangulia, kijiji cha jirani, mtu mmoja alichapwa mpaka aseme, akafa kabla hajasema.

Ndaki alipopata habari alifunga kabati, akaenda uani kwa dada yake Kasubi. Akamkuta Kasubi kwenye mkeka, anaota jua.

"Umesikia la Mihayo?"

"Nimesikia."

"Wanasema ni kanuni ya Sizya."

Kasubi alifumba macho. "Ile si kanuni, Ndaki. Mhariri alitaka sura ifike Alhamisi. Nilikuwa nimelewa na sikujua mwizi ni nani. Nikamtazama aliyekuwa karibu kwenye ukurasa, nikamfunga kamba. Halafu nikatafuta sentensi nzuri ya kumfungia."

"Basi nenda ukawaambie hivyo."

"Nikiwaambia hivyo nabaki na nini?"

Ndaki alijua kwamba watoto waliopita pale uani walimwamkia Kasubi kwa sababu ya Sizya, na kwamba hata dada yake alimvumilia kwa sababu hiyo hiyo. Akamnyooshea mkono amsaidie kuinuka. Kasubi akaushika.

Walitembea taratibu. Ini lilikuwa linamsumbua, wakapumzika mara kadhaa njiani. Walipofika kwenye mashine, watu waliwapisha.

"Shikamoo, mzee," alisema Kamanda Magembe, na sauti yake ikalainika. "Karibu. Umekuja kuona kazi yako inavyofanya kazi."

"Marahaba. Mfungue huyo mtu."

"Mzee?"

"Ile kanuni niliitunga. Haina ukweli. Anayepiga yowe la kwanza mara nyingi ni yule aliyeona kwanza, basi. Niliandika vile kwa sababu nilikuwa na haraka."

Mtu mmoja akacheka kidogo, na wengine wakafuata. Hawakumcheka kwa ubaya. Walimcheka kama babu aliyesahau jina la mjukuu wake.

"Mzee wetu," alisema Kamanda kwa upole, "wewe umezeeka. Sizya hajazeeka."

"Sizya ni mimi."

"Alikuwa wewe. Mimi nimekisoma kile kitabu mara nyingi kuliko wewe. Sizya hakosei hata ukurasa mmoja. Kaa kivulini, mzee. Mleteeni maji."

Kasubi alikaa. Akaletewa maji, akanywa nusu. Ndaki alimwona akimtazama Mihayo, na Mihayo naye akiwatazama wote kama mtu anayesubiri treni ambayo ameshaambiwa haiji.

Fimbo zililetwa. Hapo Kasubi akaongea tena, bila kuinua sauti.

"Magembe. Kitabu chako kinaishia wapi?"

"Pale Sizya anaponyoosha kidole."

"Na sura ya mwisho?"

"Sura gani?"

"Kuna sura baada ya hapo. Ndaki aliichana, kama alivyochana zote. Ninyi mmesoma fotokopi." Akaweka kikombe chini. "Katika sura ya mwisho yule mtu anafungwa. Mwezi mmoja baadaye Sizya anampata mwizi wa kweli. Yule wa yowe hakuwa na kosa lolote. Sizya anakwenda gerezani mwenyewe, anamtoa, anamwomba radhi. Anasema, nilikufunga kwa sababu ulikuwa karibu."

Hakuna aliyecheka. Kamanda aligeuka polepole.

"Mzee Ndaki. Ni kweli ulichana?"

"Nilichana. Hilo kila mtu mzima hapa analijua."

"Na ndivyo kilivyoisha?"

Ndaki alihisi macho ya mji mzima yakimgeukia. Sura ile aliikumbuka neno kwa neno. Aliwapa watu wengi waisome na wengine aliwasimulia. Sizya hakwenda gereza lolote. Yule mtu alikiri, akalia kwa kwikwi, kitabu kikaisha. Mambo ya radhi Kasubi alikuwa ameyatunga sasa hivi, akiwa na kikombe mkononi.

Alifikiria miaka yake yote kwenye benchi. Watu walimwamini kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe ndilo hili.

"Ndivyo kilivyoisha," alisema.

Kwenye kundi, upande wa akina mama, mtu akasimama. Ndaki akamtambua. Alikuwa Bi Nyamizi, mwenyekiti wa kikundi kile kilichoibiwa mota. Bi Nyamizi aliisoma sura ile akiwa binti. Ndaki alikumbuka hata alivyocheka, akisema jitu zima linalia kama mbuzi. Hata kama wengine walikuwa wamesahau, huyu hakuwa mtu wa kusahau.

"Kamanda," alisema Bi Nyamizi, "nilikisoma kile kitabu kwenye benchi la Ndaki. Nilikaa pale nikasoma mpaka mstari wa mwisho. Na ninawaambia, Ndaki amewaficha kitu."

Kamanda akasogea. "Ametuficha nini?"

Bi Nyamizi alimtazama Ndaki, akamtazama Kasubi, kisha akamtazama Mihayo pale chini.

"Sizya alipiga magoti," alisema. "Hawa wanaume wanaona aibu kulisema. Alipiga magoti pale gerezani, na sare yake mwilini."

Mzee mmoja aliyestaafu reli akakohoa.

"Ni kweli. Na mvua ilikuwa inanyesha."

"Ilinyesha," alisema mwingine. "Kofia ilimdondoka kwenye matope."

"Na yule bwana alimwinua," alisema mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni, ambaye Ndaki alijua hajawahi kukikodi kitabu hata kimoja.

Kamanda Magembe alisimama akiwasikiliza. Aliitazama fimbo mkononi kama kitu alichopewa amshikie mtu. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata baba yake aliwahi kumsimulia kitu kama hicho, ila alikuwa mdogo na alisinzia kabla ya kufika huko. Akainama, akaanza kulegeza ule mpira yeye mwenyewe. Ulikuwa umekazwa sana na ilimchukua muda. Ilibidi apige magoti.

Mihayo alikwenda nyumbani kwa miguu yake. Polisi walikuja Jumatatu, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Mota haijaonekana hadi leo.

Wazee wale wawili walirudi uani kama walivyokuja, taratibu.

"Umeona?" alisema Kasubi. "Nimewaambia ukweli, wakanipa maji. Nimewaambia uongo, wakanisaidia kuupamba."

"Na wote wamesoma kitabu ambacho hukuandika."

"Kwa nini ulinitetea? Wewe hujawahi kusema mwisho wa uongo."

"Sasa si wa uongo tena, bwana," alisema Ndaki. "Watu wengi namna ile wameshausoma. Kilichobaki ni wewe kuuandika."

"Nimechoka, Ndaki."

"Najua. Hata mimi nimechoka. Utasema, mimi nitaandika."

Wakaandika. Kasubi alilala kwenye mkeka akisema sentensi moja, akipumzika, akisema nyingine, na Ndaki akiandika kwa kalamu ya wino wa buluu. Magoti yaliwekwa, mvua ikawekwa, kofia pia. Sentensi ya yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni ndiyo aliyoipenda Kasubi kuliko zote, akaiweka mwisho kabisa. Ilipokamilika, Ndaki alizipeleka kurasa kwenye duka la fotokopi, na tangu hapo hakuna nakala inayotoka bila hiyo sura.

Kasubi alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Gazeti moja lilitoa habari yake kwa mistari michache, na jina lake likakosewa. La Inspekta Sizya halikukosewa.

Siku chache baada ya mazishi, Kamanda Magembe alikuja stesheni, akakaa kwenye benchi. Alikuwa ameshika riwaya nyingine ya Kasubi, fotokopi, imekunjika pembe. Katika hiyo Sizya anamkamata mwanamke mmoja kwa sababu hakulia msibani.

"Mzee Ndaki," alisema, "na hii nayo ina sura ya mwisho?"

Ndaki alikitazama kitabu. Kilikuwa kimekamilika. Kile, kwa sababu kiliingia kwa kuchelewa, hakuwahi kukichana hata ukurasa.

"Inayo," alisema, akamsogelea kwenye benchi. "Kaa vizuri nikusimulie."

Funzo: Usimfunge mtu kamba kwa maneno uliyoyasoma mahali. Aliyeyaandika huenda alikuwa amechoka siku ile, na mpaka leo anatamani angekuandikia sura nyingine.