Nchi ya Mbaruku Makapi

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, alikuwako fukara mmoja akiitwa Mbaruku Makapi, ambaye hakurithi kwa babaye ila kiwanja kidogo chenye kibanda cha udongo, na ulimi usiojua kunyamaza. Basi Sultani Haidari akakitamani kile kiwanja ajenge banda la punda wake, akamwita Mbaruku barazani, akamwamuru ahame.

Mbaruku hakuwa na pa kuwapeleka mkewe na wanawe sita. Lakini mdomo ukatangulia akili.

"Maulana, amri yako haifiki kwangu. Kiwanja changu ni nchi huru."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani akamgeukia kadhi. "Hebu mweleze huyu mwehu nchi ni kitu gani."

Kadhi akasema, "Nchi ni ardhi yenye mipaka, na watu wakaao humo, na mtawala wao, na wafalme wengine wanaokiri kuwa hiyo ni nchi."

"Ardhi ninayo, na ua wa makuti ndio mpaka," akajibu Mbaruku. "Watu tupo wanane. Mtawala ni mke wangu, Bi Mwanaidi, na hilo halina ubishi."

"Na mfalme wa kukukiri yuko wapi?" akauliza kadhi.

Mfalme huyo Mbaruku hakuwa naye. Sultani akafurahi mno. "Nakupa hadi Ijumaa uniletee waraka wenye muhuri wa mfalme. Ukikosa, utahama, na viboko juu. Na hadi siku hiyo, naapa mbele ya kadhi, hakuna mtu wangu atakayetia mguu katika hiyo nchi yako bila idhini!"

Mbaruku akarudi kwake kichwa chini, maana mfalme wa karibu alikuwa mwendo wa siku kumi. Hata kulipopambazuka, wakaja wachukuzi wa maji wa Sultani na mitungi yao, kwani njia ya kisima cha maji matamu ilikatiza kiwanjani mwake, na kisima cha pili cha mji kilikuwa cha chumvi tupu. Mbaruku akaruka, akasimama langoni.

"Mna idhini?"

"Idhini gani, ewe mpumbavu? Sultani yuko hamamuni, mwili mzima povu, na maji yamemwishia!"

"Bwana wenu ameapa. Mkipita, mtamfanya mwongo mbele ya kadhi."

Wakaogopa, wakarudi mbio. Sultani, sabuni ikimwasha machoni, akapiga ukelele, "Mwandikieni lolote analotaka, mtie muhuri, maji yaje!"

Karani akaenda, naye Mbaruku akamtajia neno kwa neno; muhuri ukatiwa, maji yakapita.

Ijumaa ikafika, waraka ukasomwa barazani: "Kutoka kwa Sultani wa Mwambakuu, kwenda kwa Bi Mwanaidi, mtawala wa nchi jirani. Salaam. Twakuomba utufungulie mpaka, maji yapite."

Kadhi akautazama muhuri, akazima kicheko ndevuni. "Ni wa mfalme, Maulana. Ni wako."

Sultani uso ukamwiva. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikamwanguka. "Haya! Nchi yako ni huru. Ondoka!"

Mbaruku asiondoke.

"Kuna nini tena?"

"Maulana, nchi yetu imepata uhuru leo, na chakula hakuna. Nimetumwa kuomba msaada kwa nchi rafiki."

Ikawa siku ileile magunia matano ya mchele yakavuka mpaka, na Bi Mwanaidi akayapokea bila hata kusema asante, kama watawala wafanyavyo.