Mtoto Aliyeitwa Mwambie

Paukwa!
— Pakawa!
Ngano iko mlangoni!
— Ifungulie iingie!
Ikiingia itakula nini?
— Itakula masikio yetu!

Basi yategeni. Na wewe Mwinjuma, uliyeanza kusinzia kabla sijasema neno, sogea hapa karibu na moto, cheche zitakuamsha.

Hapo zamani za kale palikuwa na bwana mmoja, Kibwana, mchonga vinu, na mkewe Mwanarusi, mtwanga mpunga. Bwana akichonga, bibi akitwanga, nyumba ikashiba. Wakajaliwa mtoto wa kike, na hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, Kibwana akasema, "Ataitwa Chausiku, jina la mama yangu." Mwanarusi akasema, "Ataitwa Mashavu, jina la mama yangu mimi." Chausiku! Mashavu! Chausiku! Mashavu! Wageni wakala wali wao, wakanawa, wakaenda zao. Jina halijapatikana.

Tangu siku hiyo mume na mke wakanuniana. Wakachora mstari wa majivu katikati ya nyumba: huku kwa baba, kule kwa mama. Mtoto akatandikiwa mkeka wake juu ya mstari.

Lakini maneno lazima yapite, maana mtwangaji hawezi bila kinu, na mchongaji hawezi bila wali. Mtoto alipojua kusema tu, akapata kazi.

"Mwambie baba yako mchi umevunjika!"

"Mwambie mama yako mchi ni wa kutwangia mpunga, si wa kutwangia hasira!"

"Mwambie baba yako wali wa leo una mawe, na mawe yote nimempakulia yeye!"

Na wote wawili wamekaa hapo hapo! Ukinyoosha mkono unamgusa mwenzio pua. Mtoto anageuka huku, anageuka kule, shingo inalia kama bawaba.

Mwambie asubuhi. Mwambie mchana. Mwambie jioni. Mtoto wa watu akaona, kumbe hilo ndilo jina langu. Akisikia "Mwambie" tu, huitika, "Abee!" Nyinyi mnacheka, na mimi nilicheka nilipoisikia, lakini yeye hakuwa na wa kucheka naye. Watoto wenzake walimwita wakacheze kombolela. Kabla hajapata pa kujificha, anasikia "Mwambieee!" kutoka pande mbili, anakimbia nyumbani. Mwisho wakaacha kumwita. Akawa anakaa juu ya mkeka wake akijisemesha mwenyewe, kwa sauti ndogo, asimsumbue mtu. Alikuwa mpweke, jamani, mpweke hasa. Kutwa nzima alibebeshwa maneno, na hata moja halikuwa lake.

Siku moja, jua la utosi, akaenda kisimani. Akalikuta zimwi limeketi ukingoni, miguu majini, kikapu kikubwa mgongoni.

"Shikamoo, babu Zimwi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaitwa nani?"

"Mwambie."

"Nimwambie nani?"

"Mwambie."

"Ndiyo nauliza, nimwambie nani?"

"Mwambie!"

Zimwi likashika kichwa. Likatazama nyuma, hapana mtu. Likatazama juu, hapana mtu. Likachungulia kisimani, likaona sura yake lenyewe, likashtuka. Kisha likaelewa, likacheka mpaka vyura wakahama.

"Mtoto wee, huna jina! Na sheria yetu sisi mazimwi, asiye na jina ni wetu. Ila mimi ni zimwi la adabu, sinyakui watoto njiani. Nitakuja kwenu siku tatu, saa kama hii, niulize. Baba yako na mama yako wakikuita jina moja kwa pamoja, nitakwenda zangu. Wasipoweza, kikapuni."

Mnadhani alilia? Hakulia. Alirudi njia nzima akiwaza, "Tangu nizaliwe, huyu ndiye wa kwanza kuniuliza jina langu." Naam, mtoto wa Kibwana na Mwanarusi aliona zimwi ndilo lenye mazungumzo mazuri. Hapo mimi mwenyewe niliogopa.

Akawaeleza wazazi wake. Kibwana akasema, "Mwambie mama yako, kupokea wageni ni kazi yake." Mwanarusi akasema, "Mwambie baba yako, mazimwi yote ni ya ukoo wake, ayapokee mwenyewe."

Siku ya kwanza, jua la utosi, "Hodi!"

"Karibu."

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Chausiku!"

"Mashavu!"

"Majina mawili, mtoto mmoja," likasema zimwi. "Haiwi." Likaenda zake.

Siku ya pili, jua la utosi, "Hodi! Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Mwambie mama yako aanze," akasema Kibwana.

"Mwambie baba yako aanze, mkubwa ni yeye."

"Mwambie aanze yeye, mdomo mkubwa ni wake."

Zimwi likangoja, likasinzia, likaota ndoto, likaamka, likawakuta bado hawajaanza. Likaenda zake.

Siku ya tatu, jua la utosi, "Hodi!" Hakuna aliyejibu, maana kila mmoja alimngoja mwenziwe akaribishe. Zimwi likaingia, likaukanyaga mstari wa majivu, likamnyanyua mtoto, likamtumbukiza kikapuni, likatoka.

Mwanarusi akaruka. "Mwambie baba yako unachukuliwa!"

Kibwana akaruka. "Mwambie mama yako ninaona! Mwambie alizuie kwa mbele!"

"Mwambie baba yako, mbele wapi?"

Na kikapu kinakwenda. Kikapita uani, kikapita migombani, kikashika njia ya kisimani.

Mle kikapuni mtoto aliyasikia yote. Akafungua kinywa ayapeleke, kama siku zote. Lakini sasa alikuwa anaogopa. Alimtaka mama yake, alimtaka baba yake, aliwataka wote wawili, nao walikuwa bado wanamtuma! Hasira ikampanda. Akatoa kichwa nje ya kikapu, akapiga ukelele:

"Siwaambii! Semeni! Semeni wenyewe!"

Wakasimama. Hapakuwa na mtu kati yao. Wakatazamana, mara ya kwanza tangu ile siku ya saba. Kibwana akaona mkewe analia. Mwanarusi akaona ndevu za mumewe zinatetemeka.

"Mke wangu," akasema Kibwana, na sauti yenyewe ilikuwa imeota kutu, "tuite jina lako. Nimekubali."

"Hapana, mume wangu. Tuite lako."

Wakavuta pumzi, wakaita.

"Mashavu!" akaita Kibwana.

"Chausiku!" akaita Mwanarusi.

Zimwi likageuka, likaangua kicheko. "Leo mmebadilishana! Bado mawili!" Likatia mguu mmoja kisimani.

"Semeni!" akalia mtoto. "Semeni!"

"Anasemaje?" akauliza Kibwana.

"Semeni," akajibu Mwanarusi. Kisha akamkamata mumewe mkono. "Kajipa mwenyewe, baba! Jina lake Semeni!"

"Semeni?"

"Semeni!"

Wakaita kwa pamoja, midomo miwili, jina moja: "Semeniii!"

"Abee!" akaitika mtoto. Na kikapu kikapasuka chini, mtoto akaangukia majini, chubwi! Baba akadaka mkono, mama akadaka mkono, wakamvuta wakamtoa, wakamkumbatia wote wawili pamoja, naye analia na kucheka hajui aanze na kipi.

Zimwi likatazama kikapu chake. "Sheria ni sheria," likasema. "Lakini nyinyi wawili mmenichosha. Mngenipa nyumba yenu bure, ningekataa."

Je, waliacha kugombana? Thubutu! Waligombana njia nzima nani aliyeita kwanza. Lakini waligombana uso kwa uso, na Semeni yuko mabegani kwa baba yake, amemshika mama yake kilemba.

Na tangu hapo, walipotaka kununiana tena, shida ikawa moja. Anayetaka kumtuma mtoto lazima kwanza amwite. Mwanarusi akiita, "Semeni!" Kibwana pale pembeni anaguna, "Haya, haya, nasema." Kibwana akiita, "Semeni!" Mwanarusi anatua mchi, "Unataka nisemeje tena?" Wanaanza. Mtoto anafika mbio, "Abee! Mmeniita?"

"Hatujakuita, mama. Nenda kacheze."

Ngano imeishia hapo. Funzo lake ni hili: wakubwa mkikasirikiana, ambianeni wenyewe, mtoto ana maneno yake ya kusema. Yaliyo mazuri humu chukueni mwende nayo, yaliyo ya uongo niachieni mimi, nimeyazoea. Nami naondoka mapema, kuna mtu nyumbani sijasema naye tangu juzi kwa ajili ya sufuria ya ugali, na mtoto wa kumtuma sina.