Nyayo Zilizogeuka Msituni

Ka! Tawi lilielemewa na theluji, likakatika usiku, na mwanamke mmoja akaamka.

Mumewe alikuwa macho. Walikuwa watu wa huku kwetu Rungwe, wapendwa, waliohamia nchi ya baridi kali, ambako msitu mzima hulala chini ya theluji, na mtu hutembea kwa viatu vipana kama ungo ili asizame. Waliishi na mdogo wake yule mume.

"Shemeji hajarudi," mke alisema. "Ameingia msituni na viatu vyake tangu mchana."

"Huyo ni mtu mzima."

Huyo. Tangu mdogo wake aliposhindwa kwenda kumzika mama yao, mume alikuwa ameapa kutolitia jina lake kinywani. Tena alimwambia waziwazi: "Ukinisikia naita, usiitike. Sikuiti wewe." Mdogo akatii. Ikafika mahali kaka yake akiwaita mezani hanyanyuki, mpaka shemeji yake amguse bega.

Hata hivyo mume alitoka. Majirani wakaja na taa. Huko wana desturi yao: viatu vile hukwaruza, kwa hiyo watafutaji hutembea kidogo, husimama kimya, kisha ndugu wa aliyepotea huita jina. Jina tu, kwa sauti anayoijua.

"Ita," kiongozi wao alisema.

"We! Njoo huku!"

"Umelisahau jina la mdogo wako, mzee?"

"Sauti yangu anaijua. We! Njoo!"

Wakasonga, wakasimama, akaita vilevile.

Kulipopambazuka wakaziona nyayo. Zilitoka bondeni, zikapanda moja kwa moja hadi karibu na pale walipokuwa wamesimama usiku. Miti michache tu katikati. Hapo theluji ilikuwa imekanyagwakanyagwa, kama ya mtu aliyesimama sana, akisikiliza. Kisha nyayo ziligeuka, zikarudi bondeni.

Ndugu zangu, alisikia. Alisikia sauti ya kaka yake, akadhani anatafutwa mwingine, akatii kama alivyoambiwa.

Mnataka niwaambie walimkuta hai? Siwezi. Sisi tuliokaa humu kanisani, mmoja benchi la mbele, mwingine mlangoni ili macho yasikutane, ni nani tunayemwita "huyo", "yule", "mtu wa kule juu"? Tunasema anajua mlango uko wazi. Atajuaje? Tunangoja aombe radhi kwanza. Baridi nayo inangoja? Leo sina la kuwafariji. Tunasali kwa maneno mengi, na neno moja linatushinda.

Yule mume alizifuata nyayo hadi zilipoishia, chini ya msonobari. Akapiga magoti, akapangusa theluji usoni mwa mdogo wake. Midomo yake mwenyewe haikuwa imelizoea tena lile jina. Ilimchukua muda.

"Asukile," akasema.