Kaburi la Bi Sikudhani

Hapo zamani za kale, zamani ile wanyama walipojenga nyumba na kuzifunga kwa kufuli, palikuwa na Pimbi mmoja. Ni mwaka gani hasa, msiniulize, mimi nilikuta hadithi imeshaanza. Nyinyi kaeni vizuri, na huko nyuma acheni kusukumana.

Pimbi huyu alikuwa mdogo wa mwili na mwepesi wa akili. Aliishi kwenye pango la mwamba pamoja na watoto wake watatu na mama yake mzazi, Bi Sikudhani. Mume alikuwa amekwisha kufariki. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mvua ilinyesha siku kumi na moja mfululizo, na siku ya kumi na mbili jua lilipochungulia kidogo, Bi Sikudhani akawatoa wajukuu nje waliote, maana pimbi ni watu wa jua, hawawi wazima mpaka liwapige mgongoni. Walikuwa wamekaa hivyo waliposikia gruuu! Mwamba ukaporomoka wote, na sufuria zao, mikeka yao na unga wao vikabaki chini ya mawe.

Basi wakaanza kuhangaika. Majirani hawakuwa wabaya, ila nyumba zao zilikuwa ndogo na zimejaa. Mama Nungunungu aliwapokea usiku mmoja, na asubuhi watoto wa Pimbi wakaamka wamechomwachomwa mwili mzima. Hakuna aliyemlaumu. Ukilala na Nungunungu chumba kimoja, utaamka vipi bila kuchomwa? Wakahamia chini ya vichaka, mvua ikawafuata hukohuko. Bi Sikudhani akashikwa na homa na kifua kikaanza kumbana.

Sasa, juu ya kilima palikuwa na nyumba ya Bwana Kifaru. Si ile aliyoishi yeye, ni nyingine. Vyumba vinne, paa la bati, uani kuna jiko na choo chake. Kifaru aliijenga kwa ajili ya mwanawe wa pekee, na siku ilipoisha kuezekwa, kijana akaaga kwamba anavuka milima kutafuta maisha. Ilikuwa imepita miaka minane, salamu hakuna, habari hakuna. Kila Ijumaa Kifaru alipanda kilimani, akafungua madirisha, akafagia vyumba visivyo na mtu, kisha akafunga na kurudi kwake.

Wengine wakisimulia hadithi hii humfanya Kifaru mtu wa roho mbaya. Mimi simo. Alikuwa baba anayemngoja mtoto, na kungoja kulikuwa kumemfanya asiwaone watu wengine.

Pimbi alikwenda kumwomba kwa adabu zote. Alipiga hodi, akaamkia, akaeleza shida yake tangu mwanzo. Kifaru akasema anawaonea huruma sana, lakini nyumba ile ina mwenyewe. Pimbi akaahidi kwamba kijana akirudi, wao watatoka siku hiyohiyo.

"Na akirudi akakuta harufu ya watu wengine?" Kifaru akauliza. "Atasema baba alichoka kumngoja. Hapana, mama. Kitu kingine chochote niombe."

Chakula aliwapa, tena cha kutosha, lakini ufunguo hakutoa. Pimbi akarudi kichakani na kikapu cha viazi, akamkuta mama yake anatetemeka mpaka meno yanagongana. Hapo akaamua. Alipanda kilimani mchana kweupe, akasukuma dirisha mpaka likaachia, akapenya, akafungua komeo la mlango wa uani kwa ndani, akawaingiza wote wanne. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu walilala pakavu.

Je, alifanya vibaya? Nyumba haikuwa yake, hilo hata yeye alilijua. Lakini haikuwa na mtu vilevile. Mimi nimelitafuna jambo hili miaka mingi na bado halijamezeka.

Ijumaa Kifaru akaja na ufagio wake, akawakuta. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu, anatazama mkeka ulivyotandikwa chumbani kwa mwanawe, kisha akasema Jumapili asiwakute, la sivyo atakuja na Nyati na ndugu zake wawatoe kwa nguvu.

Mnaona sasa mambo yalivyobana. Siku mbili tu, na mgonjwa hawezi kusimama. Pimbi akawaza mpaka kichwa kikamuuma, ndipo akakumbuka desturi ya kijiji kile. Ilikuwa hivi: mtu akizika maiti wake uani pa nyumba, hakuna wa kumwondoa tena. Wafiwa hawatengwi na kaburi lao. Hata kama kiwanja ni cha mfalme, penye kaburi ndipo kwao. Wazee walikuwa wameweka hivyo na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Akamwendea mama yake, akamnong'oneza mpango. Bi Sikudhani alicheka mpaka akakohoa.

"Nife mimi? Kwa nini usife wewe?"

"Mimi nikifa, mama, nani atapika?"

"Hilo nalo neno," akasema bibi. "Lakini ni uongo mzito, mwanangu. Watu watalia machozi ya kweli."

Pimbi akajibu kwamba machozi hukauka, na nguo za watoto hazijakauka tangu mwamba ulipoanguka. Bi Sikudhani akasema basi, azikwe. Siku ileile Pimbi akachimba kaburi uani, akalaza ndani kipande cha mgomba, akafukia na kupanga mawe. Jumamosi asubuhi akatoka nje akapiga yowe.

Kijiji kizima kikaja. Pimbi aliwaambia mama amefariki alfajiri, na kwa vile alikuwa ameshachoka sana na ugonjwa, wamemsitiri mapema wao wenyewe. Watu wakaketi matanga siku tatu. Bi Sikudhani alikuwa chini ya kitanda chumba cha nyuma, anasikiliza msiba wake. Alimsikia Mama Nungunungu akisema marehemu hakuwa na choyo, hata chumvi akimwomba alimpa kwa mikono miwili. Bibi alitaka kutoka amjibu, kwa sababu walikuwa wamegombana mwaka mzima juu ya chumvi hiyohiyo. Pimbi akaziba mlango kwa mgongo wake.

Kifaru naye alikuja. Alisimama mbele ya kaburi, akasema pole, akaondoka. Tangu siku hiyo hakutaja tena habari ya kuhama, na hila ya Pimbi ikawa imefaulu.

Ningeweza kuishia hapa, mkacheka, mkaenda kulala. Lakini haikuishia hapa.

Aliyekufa haonekani, sivyo? Basi Bi Sikudhani hakuweza kutoka nje. Mvua ilikatika, jua likarudi, watoto wakawa wanacheza uani, na yeye amefungiwa chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia. Akitaka kukohoa, anauma kanga. Watoto wakimtaja bibi mbele za watu, Pimbi anawakata jicho. Kitinda mimba, ambaye alikuwa bado hajui vizuri kusema uongo, alifundishwa kila asubuhi: bibi alikufa. Akawa anasema hivyo, halafu anakwenda kumpelekea bibi uji.

"Mwanangu," Bi Sikudhani aliuliza siku moja, "nje kuna jua?"

"Lipo, mama."

"Kali?"

"La asubuhi tu."

"Ndilo zuri hilo," akasema bibi, akageukia ukutani.

Pimbi alilia siku hiyo, lakini hakuondoa gunia. Akiliondoa, wote watano wanarudi kichakani. Asipoliondoa, mama anaisha. Alijaribu kulisogeza kidogo kwenye pembe, mwanga ukaingia upana wa kidole, na bibi akawa anakaa pale na kuuwekea mkono.

Mwezi wa pili wa kujificha ulipoingia, Ijumaa moja Kifaru alipanda kilimani. Hakuja kugombana. Alisema alipita tu kuona kama bati halivuji. Watoto wote watatu walikuwa mbele yake wanacheza, na Pimbi alikuwa anachambua mboga barazani. Mara kutoka ndani kukasikika: kho, kho, kho.

Kifaru akageuza masikio. Pimbi akasema ni mtoto, ana mafua. Kifaru akawatazama watoto, mmoja, wawili, watatu, wote wapo nje. Alishuka kilima moja kwa moja mpaka kwa Mzee Kobe, mwamuzi wa kijiji.

Kobe alisifiwa sana kwa busara, na busara anayo, sikatai. Lakini kwa mambo ya nyumba mimi nisingempa hukumu, maana ni mtu aliyezaliwa na paa mgongoni, hajalala nje hata siku moja. Aliwaita wote wawili mbele ya watu. Kifaru akasema kaburi lile ni tupu na bibi yumo ndani anakohoa. Pimbi akaapa kwamba kaburi lina mtu. Watu wakaguna, kwa sababu wao ndio waliolia.

"Kufukua kaburi ni mwiko," Kobe akasema. "Lakini shimo tupu si kaburi. Ijumaa ijayo tutachimba mpaka ionekane sanda, na hapo tutakoma, uso wa maiti haufunuliwi. Ikionekana, nyumba ile ni ya Pimbi na watoto wake milele. Isipoonekana, atatoka saa hiyohiyo, na hapatakuwa na nyumba hata moja ya kumpokea. Aliyetufanya tulie kwa msiba wa uongo hatutaki kumjua."

Pimbi akarudi nyumbani. Alimweleza mama yake yote, akasema watoroke. Bi Sikudhani alijaribu kuinuka, akashindwa. Pimbi akasema atambeba. Bibi akauliza atambeba yeye au atawabeba watoto, maana mvua imeanza tena na mito imejaa.

"Kaa chini," bibi akamwambia. "Kaburi lipo. Anayekosekana ni mwenyewe tu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Sisemi nitajiua. Nasema unisikilize kifua. Hiki kinafika Ijumaa?"

Pimbi akaweka sikio, akasikia, na hakuweza kumdanganya.

Bi Sikudhani alifariki Alhamisi, adhuhuri, mvua ikipiga bati kiasi kwamba watu hawasikilizani. Pimbi alikuwa amelitoa gunia dirishani tangu asubuhi, kwa kuwa hakuna mtu aliyetoka nje siku ile, lakini jua halikuwepo. Bibi alitazama mvua mpaka mwisho. Pimbi akafungua mdomo alie, kisha akakumbuka kwamba mama yake ameshaliliwa. Yowe moja tu, hata katika mvua ile, lingeweza kuleta majirani. Akaufumba mdomo.

Akamwosha mwenyewe, akamvika sanda mwenyewe. Alichimba huku anateleza kwenye tope, akatoa mgomba uliooza, akamlaza mama yake mahali pake. Watoto walisimama dirishani, wameibana midomo yao kwa mikono kama walivyofundishwa.

Ijumaa mvua ikapungua, watu wakaja. Udongo ulikuwa umelowa kilima kizima, hapakuwa na wa kusema upi umeguswa jana na upi wa mwezi uliopita. Nyati akashika jembe, akachimba taratibu. Pimbi alisimama pembeni, kila jembe likishuka anafumba macho. Mara Nyati akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Sanda ilikuwa imeonekana.

Kobe akaamuru wafukie upesi. Watu wakamgeukia Kifaru kwa hasira. Yule mzee mkubwa akapiga magoti kwenye tope mbele ya Pimbi, akamwekea ufunguo mkononi.

"Nimemchokoza mama yako kaburini," akasema. "Masikio yangu yamezeeka, nikasikia kisichokuwepo. Naomba unisamehe, mama."

Pimbi alimtazama mtu huyo anayeomba msamaha kwa kosa la kusema kweli, na angekiri, ulimi ulikuwa tayari. Lakini aliwaona watoto wake mlangoni, miguu mikavu. Akasema, "Nimekusamehe, Bwana Kifaru."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Nungunungu akamkumbatia Pimbi bila kujali miiba, akamwambia, "Cheka, mwanamke, umeshinda, umepata nyumba." Pimbi akacheka. Alicheka mbele ya watu wote, juu ya udongo ambao mama yake alikuwa amelala chini yake kwa siku moja tu.

Kitinda mimba ndiye aliyeshindwa. Aliangua kilio, anaita, "Bibi, bibi." Watu wakauliza mtoto ana nini, si umeshapita mwezi na zaidi tangu bibi yake afariki?

"Ana njaa," Pimbi akasema, akamchukua akaingia naye ndani, akafunga mlango.

Na hapo ndipo hadithi yangu inapotua, watoto, msiniombe niifanye nzuri zaidi: kijiji kinachompa maiti mahali na kumnyima aliye hai, kisishangae kikiletewa maiti.