Kibuyu cha Karo

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walifunga milango yao kwa kufuli na kunywa chai ya saa nne kama sisi, Fisi alikuwa na duka. Duka kubwa la bati jipya, njia panda ya kwenda mtoni. Msicheke nyie! Fisi naye ana tumbo la kulisha, tena tumbo lenyewe mnalijua.

Jirani yake alikuwa Mama Tunu, pimbi mjane, mdogo kiasi kwamba ungemfunika kwa kapu akapotea. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mapazia. Mtoto wake mmoja tu, huyo Tunu, alikuwa amefaulu mtihani, na chuo cha Mwalimu Korongo ng'ambo ya mto kilikuwa kimemwita akasomee uganga wa meno. Kilichobaki ni karo tu. "Tu" nasema mimi. Mama Tunu hakusema "tu". Alikanyaga cherehani yake kutwa nzima huku akiomba mapazia ya nchi nzima yachanike.

Basi asubuhi moja, ngo! ngo! ngo! Fisi anagonga debe mbele ya duka.

"Wazazi wenzangu!" akaita, sauti imejaa huruma mpaka inamwagika. "Usiku sikulala, nawawaza watoto wenu. Kuanzia leo, kila ukinunua kitu kwangu nakupa mbegu moja ya chuo. Unaitia kwenye kibuyu kama hiki, kila mzazi nampa chake. Kibuyu kikijaa, mwanao anasoma, karo yote juu yangu!"

"Bure?" akauliza Kiboko, ambaye naye alikuwa na kijana wa kupeleka chuo, jina lake Bonge.

"Bure kabisa! Kazi yako ni kununua."

"Na shemeji yangu akinunua, mbegu akanipa mimi?"

Fisi nusura ambusu Kiboko puani. "Shemeji, shangazi, majirani, waje wote! Mbegu ni mbegu. Mimi siulizi imetoka wapi!"

Kila mtu alisikia. Hata Mwalimu Korongo, aliyekuja kununua chumvi, alisikia.

Lo! Mngeona watu walivyonunua! Tembo alinunulia ukoo mzima miavuli, na hakuna hata mmoja uliofunika sikio lake. Kiboko alinunua birika. Kesho yake akanunua birika. Keshokutwa, birika.

"Jamani shemeji," Mama Tunu akamuuliza, "kwani kwako mnakunywa chai kiasi gani?"

"Nani kakwambia nanunua birika?" Kiboko akasema kwa fahari. "Nasomesha!"

Mama Tunu naye akajikaza. Akanunua uzi, akapewa mbegu. Akanunua sabuni, akapewa mbegu. Nyumbani akakitikisa kibuyu: chaka, chaka. Moyo ukamwuma. Kibuyu kile kilikuwa na tumbo la kumlaza mtoto mchanga.

"Mama," Tunu akasema, "kwa mwendo huu nitaingia chuo pamoja na wajukuu zangu."

Mama Tunu alikuwa ameitoa mbegu moja, anaigeuza. Akainusa. Ilikuwa ingali na kiuzi cha manjano kimenata ubavuni.

"Tunu, juzi Fisi alikula nini?"

"Boga. Si maganda yake yale, jaani kwake?"

Mama Tunu akaitazama mbegu. Akamtazama binti yake. Kisha akaanza kucheka, kikikiki, mpaka cherehani ikatikisika.

"Lete jembe," akasema.

Kiboko akapita na birika lake jipya, akamkuta anafukia mbegu nyuma ya nyumba. Macho yakamtoka.

"We Mama Tunu! Una wazimu? Hizo si mbegu, hiyo ni karo ya mtoto!"

"Naiweka mahali salama, shemeji."

"Maskini," Kiboko akanong'ona, akitikisa kichwa, "shida zimempanda kichwani." Akaenda zake anasikitika kwelikweli, maana alikuwa na roho nzuri. Hakuwa na kingine.

Mvua ikanyesha, cha-cha-cha-cha. Mmea wa boga ukatambaa, ukapanda ukuta, ukafunika choo, ukachungulia dirishani. Maboga yakajaa mpaka Tunu akawa anageuza uso kila akisikia harufu ya sufuria. Boga asubuhi, boga mchana, boga jioni! Mbegu zikaanikwa juu ya paa, zikakauka.

Siku ya kulipa karo ikafika. Wazazi wakajipanga dukani na vibuyu vyao. Kibuyu cha Kiboko hakikufika hata nusu. Fisi akampigapiga begani: "Bado kidogo tu, rafiki yangu. Mwakani! Kuna sahani mpya zinaingia."

Guru, guru, guru. Mama Tunu huyo, anavuta kibuyu juu ya gunia. Kimejaa mpaka shingoni.

"Haiwezekani!" Fisi akaruka. "Umenunua uzi na sabuni tu! Umezitoa wapi?"

"Mbona unauliza? Ulisema huulizi."

"Umezipanda!"

"Nimezipanda. Kwani ulitaka nizivae?"

"Huo ni wizi! Hizi si mbegu za chuo!"

Mwalimu Korongo akakohoa. "Nilikuwepo. Ulisema mbegu ni mbegu."

Kiboko alikuwa anawaza, na Kiboko akiwaza hukunja uso mzima. "Kama za Mama Tunu si mbegu," akasema polepole, "basi na zangu si mbegu. Nirudishie pesa za birika. Zote."

"Na za miavuli," akasema Tembo, akaufunga mwavuli wake: pwa!

Fisi akamtazama Kiboko, akamtazama Tembo, akalitazama bati lake jipya. Akalipa karo ya Tunu. Alikuwa anacheka na analia kwa wakati mmoja, iii-hii-hii, kama anavyofanya mpaka leo.

Siku ileile akatangaza kuwa mbegu za chuo zimekwisha. Bonge wa Kiboko hakwenda chuo, lakini chai alikunywa.

Miaka ikapita, Tunu akarudi akiwa mganga wa meno, akafungua chumba cha kazi pale pale njia panda. Mgonjwa wa kwanza nani? Fisi, shavu limevimba.

"Daktari, mwanangu, nakufa!"

Tunu akamng'oa jino, ng'wap! Akalipwa. Kisha akamwekea kitu kiganjani.

"Mzee wangu, kila ukija kutibiwa nakupa mbegu moja ya boga. Ukijaza kibuyu, nakutibu bure maisha yako yote."

Macho ya Fisi yakang'aa. Hata asante hakusema. Alikimbia mpaka nyuma ya duka, akaichimbia mbegu shimo, akaimwagilia. Akaimwagilia na kesho yake, asubuhi na jioni, huku akicheka peke yake.

Anaimwagilia mpaka leo. Tunu alikuwa ameikaanga.

Basi wanangu, zawadi ya dukani mnunuzi ndiye anayeilipia, kwa hiyo itazameni vizuri kabla ya kuitia kibuyuni.