Ndama wa Tumpe

Nitegeeni masikio, nami niwategee swali. Hii ni habari ya Mwalimu Subilaga, kiongozi wa skauti katika shule moja chini ya Mlima Rungwe, na ya watoto watatu aliopanda nao mlimani.

Wa kwanza ni Ambakisye. Huyu alijaliwa sikio: alisikia gari likipanda kilima kabla mbwa hawajabweka. Wa pili ni Gwamaka, mwana wa mpasua mbao. Huyu alijaliwa mikono: fundo alilofunga yeye hulifungui bila kisu. Wa tatu ni Sekela, binti wa muuguzi, mdogo wa mwili. Huyu alijaliwa kumbukumbu: alichofundishwa mara moja hakukisahau.

Walipanda skauti kumi na wanne, mwezi wa saba, wakati wa baridi kali. Saa sita mchana, wakiwa kileleni, ukungu ukashuka na mvua nyembamba ikaanza, Mwalimu akawageuza. Walipofika kwenye mianzi akahesabu vichwa. Kumi na watatu. Akahesabu tena, safari hii akiwagusa mabegani mmoja mmoja. Kumi na watatu.

Aliyekosekana ni Tumpe, mwenye miaka kumi na miwili, mdogo kuliko wote.

"Nani alikuwa mwenza wake?"

Ambakisye akainua mkono. "Mimi, Mwalimu. Alisimama kufunga kamba za kiatu. Nikasema atanifuata."

Mwalimu hakumgombeza. Yeye mwenyewe alihesabu mara ya mwisho kule kileleni, karibu saa mbili zilizopita. Akapuliza filimbi hadi midomo ikafa ganzi. Simu haikuwa na mtandao. Mti wa hatua kumi tu mbele ulikuwa hauonekani. Saa tisa ikapita, watoto wakaanza kulia kwa baridi, naye akaanza kuwaza jambo ambalo ulimi wake ulikataa kulitaja: kuwashusha kumi na watatu na kumwacha mmoja.

Alikwisha kuwaambia wabebe mashanta yao, Ambakisye akasema, "Tulieni. Kuna filimbi."

Hakuna mwingine aliyesikia. Mwalimu hakusikia kitu ila mvua. Ambakisye akafumba macho, akaenda na kusimama, akaenda na kusimama, nje kabisa ya njia, wenzake wakimfuata wameshikana mikono, hadi ukingoni mwa korongo. Kule chini, kina cha kama nyumba tatu zilizopandana, ukungu ulipopasuka kidogo, ilionekana skafu ya kijani ya Tumpe. Filimbi ilikuwa imekoma.

Kamba waliyokuwa nayo ilikuwa moja, na nyuzi zake zimeanza kulika.

"Hakuna atakayeshuka," Mwalimu akasema. "Nikianguka mimi, mtabaki bila mtu mzima. Akianguka mmoja wenu, nitakuwa nimepoteza wawili. Wawili wakimbie hadi kituo cha walinzi wa msitu."

Kituo kilikuwa mwendo wa saa mbili, kwenda tu. Alipogeuka kuwachagua wa kutuma, Gwamaka alikuwa amekwisha kuifunga kamba kwenye shina la mti, na ncha ya pili kiunoni mwake.

"Gwamaka, nimekataza."

"Nimesikia, Mwalimu," akajibu, akashuka.

Mwalimu akaikamata kamba pamoja na wengine, akiomba kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hakuitumia shuleni hata siku moja. Nyuzi mbili zikakatika mbele ya macho yake. Gwamaka alipotokea, Tumpe alikuwa amefungwa mgongoni kwake kwa skafu zao, na viganja vyote viwili vya Gwamaka vilikuwa vimechunika hadi nyama.

Lakini Tumpe hakuwa akitetemeka tena. Midomo yake ilikuwa myeusi. Mwalimu akamwita, hakuitika. Akaanza kumsugua mikono kwa nguvu, machozi yakimtoka.

Sekela akamshika kiwiko. "Usimsugue, Mwalimu. Tumvue nguo mbichi. Anahitaji joto la mtu."

"Una hakika?"

"Mama alinifundisha."

Nguo zote kwenye mashanta zilikuwa zimelowa. Sekela akavua zake kavu alizokuwa amezikinga chini ya koti la mvua, akamvika Tumpe, akajifunika naye blanketi moja, kifua kwa kifua, akimwongelesha sikioni bila kunyamaza. Baada ya muda mrefu Tumpe akaanza kutetemeka. Kisha akanong'ona, "Dada Sekela, unanibana."

Wakamshusha kwa machela ya mianzi. Sekela alishuka amevaa nguo mbichi za Tumpe, na nimonia ikamlaza hospitali wiki tatu.

Alipotoka, baba yake Tumpe, mchuma chai, akaja shuleni akiongoza ndama jike wa maziwa.

"Sina mwingine," akasema. "Na huyu ni wa shukrani, hauzwi wala hagawanywi. Mwalimu, wewe ulikuwepo. Mpe aliyeniokolea mwanangu."

Watoto watatu wakasimama mbele yake. Mwalimu akamtazama Ambakisye: bila sikio lake wangeshuka na kumwacha Tumpe, lakini ndiye aliyemwacha kwanza. Akamtazama Gwamaka: bila mikono yake Tumpe angefia korongoni, lakini akimtuza, kesho nani atatii amri mlimani? Akamtazama Sekela, aliyekuwa bado akikohoa: bila yeye wangeshusha maiti, lakini yeye alimpokea mtoto aliyekwisha kupatikana na kupandishwa.

"Mpe Sekela," Ambakisye akasema, bila kuinua macho.

"Nisipewe kwa kuhurumiwa," Sekela akasema.

Gwamaka akakunja viganja vyake vyenye makovu.

Mwalimu Subilaga akapokea kamba ya ndama. Alitamani wamuulize mtu mwingine, mtu ambaye hakusahau kuhesabu. Lakini mzee alikuwa anamngoja yeye, na watoto walikuwa wanamngoja yeye.

Nami nawangoja ninyi. Kamba hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?